YULE MWANAUME ALIKUWA WAPI?



Tufungue Yoane sura ya 8, mstari wa 1 mpaka wa 11, kisha Mwanzo sura ya 38 yote. Mama asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake jioni, moto ukiwa bado unawaka. Wengine wataona haya kusoma Mwanzo 38 mbele ya watoto. Wasome tu. Roho aliyeiandika hakuona haya.

Tunaandika mafundisho haya kwa sababu ya benchi. Wote mnaosali nasi hapa Miti mnalijua lile benchi la nyuma, kando ya mlango, pale mvua inapoingia. Tangu siku nyingi, msichana anayepata mimba bila ndoa tunamkalisha pale miezi sita, bila kitambaa cheupe kichwani, bila kuimba, bila kushika sahani ya sadaka. Mwaka huu alikaa pale binti mmoja wa kwaya yetu. Jina lake hatutalitaja, maana limekwisha kutajwa vya kutosha. Kijana aliyempa mimba tunamjua sisi wote, na yeye mwenyewe hakulikana jambo. Siku ile ya Yenga binti alipokalishwa nyuma, kijana alikuwa mbele anapiga ngoma, na alipiga vizuri, nasi tukamshangilia kwa makofi.

Wakati wa ushuhuda akasimama bibi mmoja mzee, mjane. Hakutoa ushuhuda. Aliuliza tu: « Baba wazee, lile benchi ni la wanawake peke yao? »

Hakuna aliyejibu. Tukaanzisha wimbo mwingine.

Wapenzi, wimbo ule ulitukaba koo. Sisi wazee tulifunga chakula siku tatu kwa ajili ya swali la bibi yule, tukasoma, tukaulizana, na tuliyoyaona tunawaletea hapa, hata yale yanayotuaibisha.

Twende kwanza Yerusalemu. Waandishi na Wafarisayo wanamleta mwanamke hekaluni. Wanasema amekamatwa akiwa katika tendo lenyewe. Sikilizeni vizuri neno hilo, maana hapo ndipo wanapojifunga wenyewe. Tendo lile halifanywi na mtu mmoja. Kama walimkuta humo ndani, basi walikuta watu wawili. Mwingine yuko wapi? Alikimbia? Wanaume wengi namna ile walishindwa kumshika mwanaume mmoja asiye na nguo? Tena sheria ya Musa wanayoitaja haikusema mwanamke peke yake. Walawi 20:10 inasema wote wawili, mwanaume na mwanamke. Kumbukumbu la Torati 22:22 inarudia vile vile, wote wawili. Hivyo watu hawa hawakuja kuitimiza torati, walikuja na nusu ya torati. Na Bwana wetu aliinama, akaandika kwa kidole katika mavumbi. Aliandika nini hatuambiwi, lakini wazee ndio waliotangulia kuondoka.

Sasa Tamari. Mume wake amekufa, shemeji yake amekufa, baba mkwe Yuda amemrudisha kwao akimdanganya kwamba atampa mtoto wake mdogo. Miaka inapita. Tamari anavaa mtandio, anakaa njiani, na Yuda mwenyewe anaingia kwake akidhani ni malaya, anamwachia muhuri wake na fimbo yake kama rehani. Miezi mitatu baadaye wanamletea Yuda habari kwamba mkwe wake ana mimba. Je, Yuda aliuliza swali hata moja? Hakuuliza. Alitoa amri atolewe nje achomwe moto. Hukumu ilikuwa tayari mdomoni mwake kama mate. Ni pale Tamari alipotuma ile fimbo na ule muhuri ndipo mzee akaelewa, akakiri mbele ya watu wote kwamba mwanamke yule ana haki kumpita yeye. Mkisoma Matayo 1:3 mtakuta jina la Tamari katika ukoo wa Yesu Kristo.

Hatutaficha kitu kingine. Katika Hesabu sura ya 5 iko sheria ya maji machungu. Mume akiwa na wivu, hata bila shahidi, anampeleka mke wake kwa kuhani, anyweshwe maji yenye mavumbi ya hema ili ijulikane kama ni msafi. Mke mwenye wivu hakupewa maji ya kumnywesha mume wake. Wahubiri wengi huruka sura hii, nasi tuliiruka miaka mingi. Lakini iko humo, na inatuonyesha kwamba tangu zamani wanaume walipokaa kuhukumu, jicho lilielekea upande mmoja.

Wala tusiseme ni Wayahudi tu. Kule Uganda, upande wa Kigezi, si mbali na mpaka wetu, kuna ziwa linaloitwa Bunyonyi, na ndani yake kisiwa kidogo kinachoitwa Akampene. Zamani za mababu, Wakiga walimpeleka huko msichana aliyepata mimba kwa baba yake, wakamwacha bila chakula afe njaa au azame. Na desturi ilikuwa na mlango wa nyuma: mwanaume maskini, asiye na ng'ombe wa kutoa mahari, aliweza kwenda na mtumbwi akamchukua msichana yule awe mke wake bure. Mwanaume aliyempa mimba alibaki ng'ambo, akilima shamba lake. Kwa hiyo wanaosema uovu huu uliletwa na wazungu peke yao, wanasema nusu ya kweli.

Lakini nusu ile nyingine ni kubwa, na sisi wa Kivu tunapaswa kuijua.

Wabelgi walipojenga miji, waliwatenga watu weusi katika vituo vilivyotawaliwa kwa amri ya tarehe 23 Novemba 1931, ambavyo waliviita kwa Kifaransa « centres extra-coutumiers », maana yake mahali pasipo utawala wa desturi. Bukavu, ambayo wakati ule iliitwa Costermansville, ilikuwa nacho; wazee wa Kadutu wanakumbuka. Katika vituo hivyo mwanamke aliyeolewa hakulipa kodi, maana mume ndiye aliyelipa. Lakini mjane, aliyeachwa na mume, asiyeolewa, alitozwa kodi yake mwenyewe. Na katika karatasi za Leta waliandikwa hivi: wanawake watu wazima wenye afya « wanaoishi peke yao kinadharia ». Kinadharia! Karani hakujua nani analala wapi, lakini alikwisha kuandika neno la kuonyesha kwamba anashuku. Watu wa mjini wakafupisha, wakawaita « femmes libres », wanawake huru, na kila mtu alijua neno lile lilimaanisha malaya.

Fikirini jambo hili, wapenzi. Mama amezika mume wake. Anauza mihogo na ndizi ili watoto wale. Anakuja karani, anamwandika katika kitabu kimoja na makahaba, kisha anamdai franka. Fedha zile ziliingia katika kasha la kituo, na katika miji mingine zilikuwa sehemu nzuri ya mapato. Hapo ndipo tunapoona ujanja wa Farao: Leta ilisema umalaya ni mbaya, na huku ilikula kutoka humo. Kama wanawake wale wangeolewa wote siku moja, kasha lingelia.

Kisha likaja jambo la wake wengi. Kwa amri ya tarehe 4 Aprili 1950, serikali ilikataza ndoa mpya za mke wa pili kuanzia tarehe 1 Januari 1951. Sisi hatutetei wake wengi. Manabii wetu walikataza jambo hilo kabla ya Leta kufikiri. Lakini tazameni mzigo ulimwangukia nani. Mume alibaki mume, akiwa na mke mmoja katika karatasi. Mke wa pili, aliyetolewa mahari mbele ya wazee, aligeuka asubuhi moja kuwa si mke. Mjini akaandikwa miongoni mwa wale wanaoishi peke yao kinadharia, akatozwa kodi. Mwanaume hakutozwa jina.

Wako waliokataa. Kule Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, iliyotawaliwa na Wabelgi hao hao, wanawake Waislamu wa mtaa wa Buyenzi, wengi wao wajane na walioachwa, walisimama katika miaka ya 1950 wakagoma kulipa kodi ile. Uchungu wao haukuwa fedha peke yake. Walikataa jina. Bibi mwenye wajukuu, anayefunga na kusali, ataitwaje mwanamke huru? Hawakuwa wa dini yetu, lakini tunawaheshimu, kwa maana walilinda heshima ambayo Mungu aliipanda ndani ya kila binti wa Eva. Na hapa kwetu, katika barabara hii inayopanda kutoka Miti kwenda Bunyakiri, mama za Buloho nao walisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 juu ya kodi za mihogo sokoni. Hiyo ni habari nyingine, tutaiandika siku yake.

Uhuru ukaja. Tulitumaini. Lakini katika miaka ya 1970, wakati wa uotentisite, tuliambiwa mwanamke akivaa suruali, wigi au sketi fupi anaharibu nchi. Pagne ikawa sheria. Ni kweli wanaume nao walivuliwa tai wakavishwa abakosti. Ila tai ya mwanaume ilikuwa jambo la siasa, mguu wa mwanamke ulikuwa jambo la maadili ya taifa zima. Ilikuwa hivyo mpaka mwaka 1990. Uganda, chini ya Amin, walikataza sketi fupi mwaka 1972, na Malawi wakaandika sheria yao ya mavazi mwaka 1973. Ungedhani marais wale wote walikuwa na fundi cherehani mmoja.

Sisi wenyewe tunawaomba mama kufunika kichwa wanapoingia mahali pa sala, kama vile tunavyovua viatu. Hatusemi desturi hiyo iondoke. Tunasema tu kwamba tumepima vitambaa vya mama kwa miaka mingi, wala hatujapima hata mara moja pumzi ya baba anayetoka kwenye kasiksi na kushika Biblia.

Ikaja tarehe 1 Agosti 1987, Kitabu cha Sheria za Jamaa, namba 87-010. Humo kifungu cha 444 kilisema mume ni kichwa cha nyumba, anapaswa kumlinda mke, na mke anapaswa kumtii mume. Wengi walifurahi wakasema: ndiyo Biblia, ndiyo desturi ya Kiafrika. Ndugu, tuliuliza wanaojua sheria. Maneno yale ya ulinzi na utii ni ya sheria ya Napoléon, Paris, mwaka 1804. Wafaransa wenyewe waliondoa utii huo mwaka 1938, Wabelgi mwaka 1958. Wenye nguo walikwisha kuivua, sisi tukaiokota tukaita vazi la mababu. Vifungu vya 448 na 450 vikasema mke asifanye jambo la kisheria bila ruhusa ya mume, hata kwenda kushtaki mahakamani. Na kifungu cha 467 juu ya uzinzi: mke akizini, anaadhibiwa. Mume akizini, anaadhibiwa ikiwa tu amezini kwa namna inayomtukana mke wake vibaya sana. Tulisoma kifungu hicho mara tatu. Yaani mwanaume alipewa uzinzi wa adabu!

Mambo hayo yamebadilika. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa ya mume, ikataka mume na mke wapatane wote wawili, na uzinzi ukapimwa kwa kipimo kimoja. Uganda, mahakama ya katiba ilikwisha kufuta sheria kama hiyo mwaka 2007. Mama wengi wa Miti hawajui habari ya 2016, na baba wengi wanaoijua hawajaisema nyumbani. Tunaisema hapa.

Sasa, wapenzi, tunafika mahali panapouma.

Kwa miaka hii yote mahakama, makarani, machifu na makanisa walikuwa wakimtazama mwanamke: anavaa nini, anaishi na nani, ana mimba ya nani. Na nani alikuwa akiwalinda watoto wa kike? Hapa jirani, Kavumu, mahali tunapokwenda kwa miguu, kuanzia mwaka 2013 mpaka 2016 watoto wadogo zaidi ya arobaini walichukuliwa usiku vitandani mwao wakanajisiwa. Hatutaandika zaidi, maana familia zao zinasoma gazeti hili. Mwezi wa Desemba 2017 mahakama ya kijeshi, ikiketi pale pale Kavumu, iliwahukumu mbunge mmoja wa jimbo na wenzake kumi kifungo cha maisha, kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Kundi lao liliitwa Jeshi la Yesu. Jeshi la Yesu! Jina la Bwana wetu juu ya kazi ile.

Tulilia wakati ule. Lakini bibi wa swali alitukumbusha jambo tulilosahau. Mama zetu waliotoka porini baada ya vita vya 1996 na 1998, walionajisiwa kwa nguvu, wengine na mimba, tuliwapokea namna gani? Leta iliandika sheria kali juu ya ubakaji tarehe 20 Julai 2006. Sisi tulikuwa na benchi. Hatukuwaambia wakae pale, hapana. Walikwenda kukaa wenyewe, na hatukuwaambia watoke. Mungu atusamehe.

Tukumbuke sisi ni nani. Sisi ni watoto wa manabii ambao sheria iliwahukumu. Kimpa Vita, binti wa Kongo, aliyeinuka kuhubiri mwaka 1704 akirudisha watu Mbanza Kongo iliyokuwa magofu, alikamatwa akiwa na mtoto mchanga. Mtoto yule aligeuzwa kuwa ushuhuda juu yake: nabii gani huyu aliyezaa? Alichomwa moto tarehe 2 Julai 1706, na mwanaume aliyekuwa naye akachomwa pia, mtoto akaachwa hai. Hatusemi hakuwa na kosa. Tunasema Mungu hakuacha kumtumia, na kwamba kama angefika hapa Miti, tungemwonyesha benchi.

Sisi si Wakimbangu, lakini nani kati yetu hamheshimu Simon Kimbangu? Alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amefungwa, akapelekwa Élisabethville, akafa kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka thelathini. Nani alilichunga kundi wakati huo, kwa siri, askari wakipeleleza? Ni mke wake, Mama Marie Muilu, mpaka alipofariki mwaka 1959, miezi michache kabla kanisa lile kukubaliwa na serikali. Kama mama huyo angeishi Léopoldville, mume wake akiwa gerezani mbali, karani angemwandika wapi? Angeandika: anaishi peke yake kinadharia. Nyamuzinda alimwandika katika kitabu kingine.

Wengine wataogopa, watasema: mkiondoa benchi, wasichana wetu wataharibika. Tumesikia neno hilo hata kati yetu wazee, na aliyelisema ni mtu mwema, baba wa mabinti wanne. Tunamjibu kwa upole. Bwana hakumwambia mwanamke kwamba hakutenda kosa. Alimwambia aende asitende dhambi tena. Dhambi ni dhambi. Lakini toka tulipoanza kukalisha wasichana nyuma, mimba hazikupungua. Kilichopungua ni wasichana. Wako wanaouza maembe na ndizi pale njia panda ya Bunyakiri, walioimba sauti ya kwanza katika kwaya hii, na leo wakituona wanageuza uso. Wako wawili waliokwenda kwa waganga kutoa mimba, na mmoja hakurudi. Vijana wao tuliwafungisha ndoa na wasichana wengine, kwa ngoma na keki. Tulitaka kuzuia dhambi, tukazuia maungamo tu.

Basi baraza la wazee pamoja na mama washauri limekaa, na maamuzi ni haya.

Benchi limetolewa siku ya Posho iliyopita. Seremala wetu amelikata, mbao zake zimetengeneza viti viwili vidogo vya watoto wa shule ya Yenga.

Binti atarudi kwaya siku ya Yenga ijayo, na kitambaa chake mama wa kwaya watamfunga wenyewe. Ataungama kwa mchungaji na mama mshauri faraghani, si mbele ya umati. Kijana ataungama vile vile. Ngoma ataiweka chini mpaka atakapokuwa ameungama na amekwenda na baba yake kwa wazazi wa binti kuzungumza juu ya mtoto, maziwa yake, nguo zake na jina lake. Ndoa hatutawalazimisha, hilo wataliomba wao wawili, kama Mungu akiwapa.

Baba wanaotaka kujua sheria ya 2016 waje na wake zao siku ya tano baada ya sala ya jioni. Ndugu mmoja anayefanya kazi mahakamani Bukavu atakuja kuisoma kwa Kiswahili na kuitafsiri kwa Mashi. Wasije wanaume peke yao.

Na bibi yetu mjane tunamwomba atusomee Yoane 8 Yenga hiyo. Ametuambia macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Mjukuu wake atasoma kwa sauti ndogo sikioni mwake, naye atatuambia.